Aliyemvua Perseus

Kilichomponza Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, ni mchezo. Alikuwa na umri wa miaka mitatu au minne, ndani ya chumba cha shaba kilichochimbiwa chini ya ua wa babu yake. Humo ndimo alimozaliwa, na hakuwa ametoka hata siku moja. Akanogewa na mchezo kama wanavyonogewa watoto wa umri huo, akapaza sauti. Huko juu babu yake akasikia. Mfalme Acrisius wa Argos alijua mle chini mna watu wawili tu, binti yake Danae na yaya. Sauti ile ilikuwa ya mtu wa tatu.

Hivyo ndivyo alivyosimulia Pherecydes wa Athens katika karne ya 5 K.K. Kitabu chake chenyewe kimepotea. Kipande hiki kimetufikia kwa kuwa wasomi wa baadaye walikinukuu kwenye maelezo waliyoyaandika kufafanua utenzi wa Apollonius wa Rhodes juu ya safari ya Jason. Utoto wa Perseus, basi, umesalia pembezoni mwa safari ya shujaa mwingine. Nami kila nikiusoma nasimama hapo hapo pa mtoto kupaza sauti. Miaka mitatu minne si siku mbili. Mtoto huota meno, hupatwa na homa usiku, huanza kutambaa akagonga kichwa ukutani, na ukuta wenyewe ni wa shaba, ukiguswa unalia. Wanawake wawili walizipitisha siku zote hizo wakimziba mtoto kinywa kwa titi, kwa kiganja, kwa nyimbo za kunong'ona. Wakafaulu mpaka siku alipofurahi kupita kiasi.

Wengi tunamjua Perseus kwa kichwa cha Medusa, yule Gorgon ambaye kila aliyemtazama aligeuka jiwe, kwa viatu vyenye mbawa, kwa msichana aliyefungwa mwambani akisubiri kuliwa na nyangumi. Hayo yana raha yake. Ila swali ninalolibeba mimi ni jingine: huyu mtoto alikua mtu mikononi mwa nani?

Nina sababu ya kuliuliza. Mama aliondolewa kwao nami nikiwa na miezi saba. Baba yake alimuuliza swali moja, mtoto huyu ni wa nani, na jibu alilopewa hakulikubali. Mama akapanda basi mpaka mji mdogo wa pwani, upande wa Tanga, ambako hakuwa na ndugu wala jamaa, akapanga chumba cha uani kwa mzee mmoja mvuvi aliyeishi na mkewe. Mzee huyo ndiye ninayemwita Babu. Yule mwingine simjui kwa sura.

Turudi Argos. Ukoo wa Perseus una historia ndefu ya watu kukimbiana, na mizizi yake Wagiriki wenyewe waliipeleka Afrika. Danaus, ambaye jina la Danae linamkumbusha, alitoka Misri kwa jahazi pamoja na mabinti zake 50, wakiwakimbia binamu zao 50 waliotaka kuwaoa kwa nguvu. Binamu wakawafuata mpaka Argos, ndoa zikafungwa, na usiku wa harusi mabinti 49 wakawaua waume zao kwa amri ya baba. Mmoja tu, Hypermnestra, alimwacha hai mumewe Lynceus. Kwa huruma ya huyo mmoja ukoo uliendelea: akazaliwa Abas, na Abas akazaa mapacha, Acrisius na Proetus. Mapacha hao, kwa mujibu wa kitabu kinachobeba jina la Apollodorus, walianza kugombana wakingali tumboni mwa mama yao. Walipokua wakapigania ufalme, na inasemwa ndiyo vita iliyowafanya watu wabuni ngao. Mwishowe wakagawana, Acrisius akabaki na Argos, Proetus akachukua Tiryns.

Acrisius hakupata mtoto wa kiume. Akaenda kutazamia Delphi, akaambiwa yeye hatapata, ila binti yake atapata, na mtoto huyo ndiye atakayemuua. Ndipo akachimba chumba cha shaba akamtia binti yake ndani, pamoja na yaya wa kumhudumia. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., alipopita Argos alionyeshwa jengo la chini ya ardhi ambalo juu yake, walisema wenyeji, ndipo kilipokuwa chumba hicho, na kwamba mtawala mmoja wa kimabavu aitwaye Perilaus alikuja kukibomoa. Sijui kama watu wa mataifa mengine wana methali inayomfaa Acrisius kuliko yetu: la kuvunda halina ubani. Ubani wake ulikuwa shaba, na haukufaa kitu. Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, alishuka kupitia paani kwa umbo la dhahabu inayotiririka, Danae akaipokea mapajani.

Yapo masimulizi mengine. Apollodorus huyo huyo anasema wako waliodai kwamba aliyemwingilia Danae ni Proetus, ami yake, na kwamba hapo ndipo uhasama wa mapacha ulipowaka. Nimewahi kusikia watu wakiichukua habari hii kama ndiyo "ukweli" uliofichwa nyuma ya ile dhahabu. Mimi sioni haja ya kuchagua. Ninachokiona ni kwamba hata wazee wa zamani, waliokuwa wakimwamini Zeus, walikuwa na swali lile lile juu ya msichana aliyefungiwa, na walikuwa tayari kulijibu kwa namna ya kumdhalilisha.

Siku sauti iliposikika, Acrisius aliagiza Danae na yaya wapandishwe juu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yaya alikuwa ndiye kata: akauawa papo hapo. Hana jina. Katika habari nzima ya shujaa huyu mkubwa, mtu wa kwanza kufa kwa ajili yake ni mwanamke mtumishi aliyemsaidia kunyamaza, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia alikuwa anaitwaje. Kisha mfalme akamchukua binti yake na mtoto mpaka kwenye madhabahu ya Zeus iliyokuwa uani, madhabahu ya Zeus mlinzi wa ua wa nyumba. Hapo akamuuliza peke yake: mtoto umempata kwa nani?

Kwa Zeus, akasema.

Acrisius hakuamini. Fikirini mahali penyewe. Anasimama mbele ya madhabahu ya mungu yule yule, anaambiwa mungu huyu ndiye baba wa mtoto, na anaona ni uongo. Alikuwa na imani ya kutosha kuogopa utabiri wa Delphi. Ilipofika zamu ya kumwamini binti yake, imani ikamwishia.

Akaagiza sanduku litengenezwe.

Wachoraji wa vyungu wa Athens waliipenda sana hatua hii, na nadhani najua kwa nini. Kuna chungu kikubwa cha kuchanganyia divai, cha mwanzoni mwa karne ya 5 K.K., kilichopo kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg. Upande mmoja Danae yuko kitandani na dhahabu inamshukia. Geuza upande wa pili: fundi seremala anamalizia sanduku. Ana keekee, ile ya uta, anayoizungusha kwa kuvuta mbele na nyuma, anatoboa tundu kwenye mbao. Mtungi mwingine wa maji, wa mwaka 490 K.K. hivi, uko Boston, nao una fundi, mfalme, mama na mtoto. Anayeniumiza ni fundi. Amekuja kazini kama siku nyingine. Anapima, anatoboa, anahakikisha kifuniko kinakaa sawasawa, na watakaoingia humo wamesimama pembeni wanamtazama. Uzuri wa kazi yake ndio utakaowaokoa, maana sanduku bovu lingezama kabla halijafika mbali. Sidhani kama alilijua hilo.

Yaliyotokea ndani ya sanduku tunayo kwa kinywa cha Simonides, mshairi wa kisiwa cha Keos aliyefariki karne hiyo hiyo ya 5 K.K. Shairi limebaki kipande tu, na limebaki kwa namna ya ajabu. Dionysius wa Halicarnassus, mwalimu wa ufasaha aliyefundisha Roma zama za Augusto, aliliandika mfululizo kama nathari ili awaonyeshe wanafunzi wake jinsi ilivyo vigumu kuusikia mpigo wa shairi usipogawiwa mistari. Kwa ajili ya somo hilo la darasani tunazo leo sauti za usiku ule.

Upepo unavuma, bahari imechafuka, mashavu ya Danae yamelowa. Anamzungushia mwanawe mkono na kumwambia: mwanangu, taabu niliyo nayo mimi, nawe umelala. Unasinzia na moyo wako wa kunyonya, katika mbao hizi zisizo na furaha, zilizokazwa kwa shaba, katika giza. Mawimbi yanapita juu ya nywele zako huyajali, wala sauti ya upepo, uso wako mzuri umeulaza kwenye nguo ya zambarau. Lau kitisho kingekuwa kitisho kwako, ungeyategea maneno yangu hicho kisikio chako. Kisha anasema neno ambalo kila aliyewahi kubembeleza mtoto analijua lilikotoka. Lala mtoto. Na bahari ilale. Na shida yetu isiyo na mwisho nayo ilale. Mwisho anamgeukia Zeus, anamwomba mambo yabadilike, na hapo hapo anaomba radhi ikiwa maneno yake yamekuwa makali au yamepita haki. Mwanamke ametupwa baharini kwa kusema kweli, na bado anamwomba msamaha baba wa mtoto kwa kumsumbua.

Wako wanaosema mtoto wa Simonides ni mchanga zaidi kuliko yule wa Pherecydes, na ni kweli: huyu ananyonya, yule anacheza na kupiga kelele. Masimulizi ya kale hayakuwa na mwongozo mmoja. Kwangu yote mawili yana kitu kimoja, kwamba shujaa anaanza akiwa usingizini na mtu mwingine yuko macho.

Jambo moja zaidi kuhusu Danae, dogo, ambalo watu hulipita. Apollonius wa Rhodes, katika utenzi ule ule wa Jason, anamtaja Perseus akaongeza kwamba mama yake alikuwa akimwita Eurymedon. Maana yake ni kama mtawala wa nchi pana. Jina la nyumbani, jina la mama na mtoto. Sijui alianza kumwita hivyo lini, lakini kila nikilisoma nawaona mle sandukuni, pasipo nafasi hata ya kunyoosha mguu, na mama anaita: mtawala wa nchi pana, lala.

Sanduku likaelea mashariki mpaka Seriphos. Ni kisiwa cha mawe katika safu ya magharibi ya Cyclades, kilomita za mraba kama 75, chini kidogo ya Keos kwao Simonides. Watu wa kale walikifanyia mzaha kwa udogo na ukavu wake. Strabo, mwanajiografia, anasema waandishi wa vichekesho walidai ni Gorgon ndiye aliyekigeuza kuwa mawe. Hapo alikuwepo mtu akivua. Jina lake Dictys, na jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la wavu. Kama vile mtu aitwe Nyavu. Alikuwa ndugu wa mfalme wa kisiwa, Polydectes, lakini kaka yuko kwenye kiti, yeye yuko ufukweni.

Aeschylus aliitunga siku hiyo iwe mchezo wa kuigiza wa kuchekesha, ambao ulipotea kwa karne nyingi mpaka vipande vyake vilipookotwa kwenye majaa ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, Misri, katika karatasi za mafunjo zilizotolewa na kusomwa karne ya 20. Katika kipande cha mwanzo wavuvi wawili wanavuta wavu, na wavu umekuwa mzito kuliko kawaida. Hiki nikiite nini, anauliza mmoja, nyangumi? Papa? Wanavuta, hautoki. Ndipo anapaza sauti kuita watu: wakulima, wachimbaji wa mizabibu, wachungaji, njooni mvute!

Nilipokisoma kipande hicho mara ya kwanza nilikiweka chini nikatoka nje. Nililelewa ufukweni kunakovutwa juya. Wavu unazungushwa na mtumbwi, kamba mbili zinaletwa pwani, na watu wanajipanga kila upande wanavuta kwa kurudi nyuma, visigino vinazama mchangani. Kila apitaye anashika kamba. Mwanafunzi, muuza maandazi, mzee aliyekuja kutazama tu. Hakuna anayeuliza wewe ni nani, na mwisho kila aliyeshika kamba anaondoka na kitoweo chake. Wavu ukiwa mzito unasikia kwanza kwenye kamba, kabla ya kuona kitu: inatetemeka tofauti. Watu wananyamaza. Babu alikuwa akiinua mkono mmoja, wa pili bado uko kambani, na kusema taratibu, "Msiharakishe. Kilichomo chetu."

Waliokuja kumsaidia Dictys katika mchezo wa Aeschylus ni wale viumbe wa porini wa Kigiriki, nusu watu nusu wanyama, pamoja na mzee wao Silenus. Sanduku linafunguliwa, na Silenus anapomwona mwanamke anaanza kudai awe wake. Anambembeleza mtoto kwa milio ya mdomo, anamwambia atapata vicheche vya kuchezea, watoto wa kulungu na wa nungunungu, atalala kitanda kimoja na mama na baba yake mpya. Mtoto anamtazama upara wake unaong'aa, anacheka. Watazamaji wa Athens bila shaka walicheka naye. Lakini Danae haoni kichekesho. Anawaita miungu wa ukoo wake, anauliza kama afunge kitanzi kabla hawajamchukua viumbe wale. Ametoka kwenye chumba cha shaba, ametoka kwenye sanduku, na kitu cha kwanza anachokutana nacho nchi kavu ni mwanamume anayesema ameokotwa, kwa hiyo ni mali yake.

Dictys hakufanya hivyo. Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika makala yote haya. Pherecydes anasema Danae alimsihi afungue sanduku, akafungua, akajua ni kina nani, akawachukua mpaka nyumbani kwake akawalea kama jamaa zake. Maneno machache sana. Kama jamaa zake. Hakuna dhahabu, hakuna utabiri, hakuna sharti.

Nami nina usiku wangu mmoja wa namna hiyo, sikuukumbuka, nimesimuliwa na Mama. Alifika saa mbili za usiku, mvua inanyesha, kodi ya miezi miwili mkononi. Alikuwa ameandaa la kusema kuhusu mume: yuko safarini, yuko Mwanza, atafuata. Mzee akafungua mlango, akainua kibatari, akamtazama Mama, akanitazama mimi mgongoni. Mama akaanza, "Shikamoo mzee, mume wangu…" Babu akamkata. "Marahaba mwanangu. Mtoto amekula?" Habari ya mume haikuulizwa usiku ule wala miaka iliyofuata.

Utoto wa Perseus kisiwani, kuanzia hapo mpaka ujana, karibu hauna maandishi. Hili linawaudhi wasomaji wengi, wanataka dalili za ushujaa, nyoka wa kunyongwa kitandani kama Heracles, mwalimu mwenye kwato kama wa Achilles. Perseus hana. Hyginus, mwandishi wa Kilatini, ana masimulizi mengine ambamo Polydectes anamwoa Danae na mtoto analelewa hekaluni kwa Athena. Siyapendi, nasema wazi, kwa kuwa yanamwondoa mvuvi na kuweka mahali pake watu wa vyeo. Yanayonipa picha ya utoto ule ni mambo mawili madogo. La kwanza ni la Aelian, mwandishi wa habari za wanyama: anasema vyura wa Seriphos hawalii, na wenyeji walisimulia kwamba Perseus aliporudi amechoka alilala kando ya ziwa, vyura wakamkatiza usingizi, akamwomba baba yake Zeus awanyamazishe. Mtoto aliyelelewa kwa kunyamazishwa, akaja kuomba vyura nao wanyamazishwe.

La pili liko kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki. Alipofika Misri, katika mji wa Chemmis, ambao leo ni Akhmim, alikuta hekalu la Perseus na michezo ya riadha ya kumuenzi. Wenyeji walimwambia kwamba mara kwa mara kiatu chake huonekana, chenye urefu wa dhiraa mbili, na kikionekana Misri nzima hustawi. Akawauliza kwa nini wao tu ndio wanaomtukuza. Wakajibu kwamba Danaus na Lynceus walitoka Chemmis, na kwamba Perseus alipokwenda kuleta kichwa cha Gorgon kutoka Libya alipita kwao akawatambua kuwa ni ndugu zake. Jina la mji alikuwa nalo tayari. Alilisikia kwa mama yake.

Kwa hiyo tunajua angalau kitu kimoja kilichofanyika jioni katika nyumba ya mvuvi wa Seriphos. Mama alikuwa anamhadithia mwanawe alikotoka, na hakuishia kwenye ua wa Argos walikofukuzwa. Alirudi nyuma zaidi, mpaka Misri, mpaka mji wenye jina, ili mtoto awe na mahali pa kutaja.

Habari iliyobaki inajulikana, nitaipitisha mbio. Polydectes alimtamani Danae, na kijana alikuwa kikwazo. Akaitisha mchango. Wagiriki walikuwa na karamu za kuchangiana, na kwa Apollodorus ulikuwa mchango wa harusi hasa: mfalme alisema anataka kumposa Hippodameia. Nani asiyejua kikao cha namna hiyo, kila mtu anataja ahadi yake na macho yako kwako? Wenzake waliahidi farasi. Perseus, kijana wa kulelewa kwa mvuvi, akasema hata kichwa cha Gorgon angeleta. Pherecydes anaongeza kwamba kesho yake alileta farasi kama wenzake, na mfalme akakataa kumpokea. Alishalipata neno alilolitaka.

Akaenda, akasaidiwa na miungu Hermes na Athena, akakata kichwa, akampata Andromeda, yule msichana wa mwambani. Mimi nangoja arudi.

Aliporudi Seriphos alimkuta mama yake madhabahuni. Amekimbilia hapo kuukwepa ujeuri wa Polydectes. Mshairi Pindar, katika wimbo wa mwaka 490 K.K., analisema kwa ukali zaidi, anautaja utumwa mrefu wa mama na kitanda cha kulazimishwa. Ila Apollodorus anasema Danae hakuwa peke yake. Dictys alikuwa naye pale. Mtu aliyekuwa ndugu wa mfalme, ambaye angeweza kukaa kimya na kuendelea na nyavu zake, ameshika madhabahu pamoja na mwanamke aliyemvua baharini miaka mingi nyuma. Hakuwa na upanga wa maana wala jeshi. Alikuwa na uamuzi wa kutoondoka tu.

Perseus akaingia ikulu, akageuza uso wake pembeni akakiinua kichwa, mfalme na rafiki zake wakawa mawe jinsi walivyokaa. Kisha akamfanya Dictys mfalme wa Seriphos. Ni tendo lake la kwanza baada ya ushindi, kabla hajarudisha viatu vya mbawa, kabla hajaenda Argos kumwona yule babu mwingine. Na Acrisius aliposikia anakuja, alikimbia mpaka Larissa. Huko kukawa na michezo ya mazishi, Perseus akarusha kisahani, kikampiga mzee mguuni akafa. Perseus akamzika nje ya mji, akaona haya kurudi Argos kurithi ufalme wa mtu aliyemuua, akabadilishana na binamu ya mama yake akachukua Tiryns. Kwenye mfululizo huo wote mtu wa damu yake alimpa sanduku. Aliyempa nyumba hakuwa wa damu yake.

Nilipoanza shule kulikuwa na fomu yenye nafasi ya jina la baba. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha alimwambia Mama pasipo jina la baba fomu haipokelewi, aliyasema hayo kwa sauti, na foleni nzima ilisikia. Mama alirudi nyumbani hakusema kitu, akaanza kupika. Babu alikuwa ameketi barazani anashona wavu, uzi ameupitisha kwenye kidole gumba cha mguu kuukaza, sindano ya mti inaingia na kutoka. Bibi ndiye aliyemwambia. Akamaliza jicho alilokuwa analifunga, akakata uzi kwa meno, akavaa kanzu, tukaenda. Mwalimu akamuuliza, "Mzee, wewe ni nani wa mtoto huyu?" Babu akasema, "Andika langu."

Jina hilo ndilo jina langu la pili, liko kwenye vyeti vyangu vyote.

Kwa Kiswahili mvuvi anavua samaki, na anayemtoa mtu katika shida naye amemvua. Bibi alikuwa akidua kila Alhamisi usiku, "Mola atuvue na kila balaa," na nilipokuwa mdogo niliamini Mwenyezi Mungu ana wavu. Wagiriki walikuwa na maneno mawili tofauti kwa mambo hayo, ila Waathene waliyaunganisha kwa namna yao. Pausanias anaeleza kwamba barabara itokayo Mycenae kwenda Argos ina hekalu la Perseus upande wa kushoto, na majirani wanamheshimu, lakini heshima kubwa zaidi anapewa Seriphos na Athens. Waathene, anasema, wana kiwanja kitakatifu cha Perseus, na ndani yake madhabahu ya Dictys na Clymene, ambao huchukuliwa kuwa mume na mke. Wanaitwa waokozi wa Perseus. Ni sentensi moja tu, na haelezi zaidi. Anaendelea na barabara yake kuelekea Argos.